Majeraha ya nyoyo nayo yanataka elimu ya uhakiki

SIFA zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mjuzi wa yaliyo dhahiri na yaliyofichika vifuani. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), aali zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ijumaa hii tumeona tuzungumzie jambo ambalo kwa kawaida huachiwa madaktari na wanavyuo, nalo ni namna ya kukichunguza kiwewe, yaani lile jeraha linalobaki katika nafsi ya mtu baada ya kupatwa na tukio la kutisha. Huenda msomaji akauliza: mbinu za utafiti zinauhusu nini ukurasa huu? Tutamjibu kwa kisa, nacho ni kisa cha kosa letu wenyewe.

Asubuhi ya Jumamosi, Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, katikati ya jiji letu la Dar es Salaam, saa ambayo wafanyabiashara na wateja walikuwa wamekwisha kujaa madukani. Watu zaidi ya 20 walifariki dunia. Wengine wengi walitolewa wakiwa hai, baadhi yao baada ya kukaa muda mrefu chini ya kifusi wakipelekewa maji na hewa na waokoaji. Wengi wetu tunayakumbuka hayo, na wapo wasioweza kuyasahau hata wakitaka.

Miezi michache baadaye, baada ya sala ya Isha, alitujia kijana mmoja mbeba mizigo. Hakuwa ameumia hata ukucha. Siku ile alikuwa miongoni mwa waliokimbilia kifusi na kuchimba kwa mikono kabla mitambo haijafika. Alitueleza kwamba kila jioni maduka yanapofungwa, akisikia mlango wa chuma ukishushwa, miguu humwisha nguvu akajikuta amekaa chini, mzigo kando. Usiku hulala saa mbili, kisha huamka akihisi vumbi kinywani. Wenzake walianza kumcheka.

Tulimwambia nini? Tulimwambia imani yake imelegea. Tukamsomea, tukamwagiza azidishe adhkari. Alikuja mara ya pili na ya tatu, na kila mara tulimwambia yale yale kwa sauti ya juu zaidi. Mara ya nne hakuja. Tulipomuulizia, tukaambiwa ameacha kazi na kurudi kwao. Alhamdulillahi, dada yake alimpeleka kwa mtaalamu wa afya ya akili, akatibiwa, na leo amerejea mjini akifanya kazi yake. Alipokuja kutusalimu hakutulaumu, na huko kutolaumiwa ndiko kulikotuumiza.

Kumsomea mgonjwa Qur'ani si kosa, na wala hatuusii mtu aache dua. Kosa letu lilikuwa kutoa hukumu kabla ya kuuliza. Hatukumuuliza yalianza lini, humjia saa ngapi, wala kama wenzake waliochimba naye wanayo kama hayo. Tuliona dalili moja tukaitolea sababu moja, na sababu hiyo ilikuwa ile tuliyoizoea. Hapo ndipo tulipoanza kusoma jinsi wenye elimu wanavyokichunguza kiwewe, na tukakuta kwamba mambo wanayoyahangaikia si mageni kwetu.

Wanavyuoni wa Hadithi walitufundisha kutoipokea habari kwa kuwa tu ni nzuri au imeenea. Walimtazama msimulizi: je, ni mwadilifu, na je, ana dhabti ya kuhifadhi? Wakautazama mlolongo wa wasimulizi: je, umeungana au umekatika? Kisha wakaitazama matini yenyewe, wakailinganisha na habari za wasimulizi wengine. Katika tiba nako, Abu Bakr al-Razi, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, aliwatoa damu baadhi ya wagonjwa waliokuwa na dalili za maradhi ya ubongo na kwa makusudi akawaacha wengine bila kuwatoa, apate kulinganisha. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu cha afya ya miili na nafsi, akaeleza kuwa nafsi nayo huugua kama mwili unavyougua, na kwamba ina tiba yake. Basi anayetwambia kuwa kuchunguza maradhi ya nafsi ni jambo la kigeni, huyo hakusoma historia yake.

Tuyatazame basi maswali manne ambayo kila utafiti wa kiwewe hauna budi kuyajibu.

Nani anaulizwa?

Jina la Kariakoo lenyewe lina somo hapa. Linatokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, kwani mahali hapa palikuwa na kambi yao katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walipouteka mji huu mwaka 1916. Wapagazi hao, Waafrika waliochukuliwa kubeba mizigo ya majeshi, walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi, njaa na uchovu. Mwaka 1915, vita vile vikiendelea, daktari Charles Myers wa Uingereza aliandika katika jarida la kitabibu juu ya askari waliopoteza kumbukumbu, kuona na kunusa baada ya mabomu kuripuka karibu nao. Maandiko kama yale yakawa miongoni mwa misingi ya elimu ya kiwewe. Askari wa Ulaya walipata wa kuwaandika. Wapagazi wetu waliorudi vijijini wakiwa wamenyamaza, nani aliwauliza usiku wao ulikuwaje?

Utafiti humwona yule uliyemfikia tu. Ukiwahoji waliolazwa hospitalini, utawapata walioumia mwili, na utamkosa kijana wetu aliyechimba bila kukwaruzwa. Ukiwahoji wenye maduka waliosajiliwa, utamkosa mama lishe, mvuta mkokoteni na machinga aliyepanga bidhaa zake barazani. Ndiyo maana watafiti makini huanza kwa kuandika orodha ya wote waliokuwapo, kisha huchagua kwa kura ili asiwepo wa kupendelewa wala wa kusahauliwa.

Anaulizwa kwa lugha gani?

Mwaka 1980 wataalamu wa Marekani waliyapa maradhi haya jina rasmi katika orodha yao ya magonjwa ya akili, na dalili zake zikapangwa: kurudiwa na tukio ndotoni na mchana, kukwepa vinavyolikumbusha, ganzi ya hisia, na kuwa macho kupita kiasi. Madodoso mengi yaliyofika kwetu yalitafsiriwa kutoka Kiingereza. Sasa sikiliza, ndugu msomaji. Kijana wetu alitusimulia kwamba aliwahi kujaza dodoso la mwanafunzi mmoja. Aliulizwa: "Je, unajihisi uko mbali na watu?" Akajibu: "Ndiyo, mimi naishi Mbagala na ndugu zangu wote wako Kigoma." Aliyeuliza alikusudia upweke wa moyo, aliyejibu alihesabu kilomita. Jibu liliandikwa "ndiyo", likahesabiwa kuwa dalili.

Aliulizwa tena: "Je, unakwepa kwenda mahali palipotokea tukio?" Akajibu hapana. Angekwepaje, na riziki yake iko mtaa ule ule? Kila siku alipita hapo jasho likimtiririka na moyo ukimwenda mbio, lakini alipita. Kwa mizani ya dodoso lile alikuwa mzima katika jambo hilo. Kukwepa ni dalili, lakini kukwepa kunahitaji nafasi, na maskini hana nafasi hiyo. Chombo cha kupimia kisichojua maisha ya anayepimwa kitamwita mgonjwa mzima, na mzima mgonjwa.

Alhamdulillahi, hapa kwetu wapo waliolifanyia kazi jambo hili. Profesa Sylvia Kaaya wa Muhimbili na wenzake walichapisha mwaka 2002 uchunguzi wao wa dodoso la kigeni la dalili za wasiwasi na huzuni, wakilijaribu kwa wajawazito wa Dar es Salaam wenye virusi vya Ukimwi, waone kama kweli linapima linachodai kupima. Mwaka 2008 wakatoa matokeo ya dodoso lililojengwa hapa hapa, lenye vipengele 19, la kugundua sonona kwa dalili zinazotambulikana na watu wetu. Kazi ya namna hiyo haina makelele. Ni kuketi na watu na kusikiliza wasemapo "nina mawazo", "moyo unanienda mbio", "kichwa kimejaa", kisha kulipima kila neno. Huo kwetu ni uhakiki wa matini.

Anaulizwa lini?

Agosti 7, 1998, balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam ziliripuliwa kwa mabomu siku moja. Hapa kwetu walifariki watu 11. Nairobi walifariki zaidi ya 200 na kujeruhiwa maelfu. Daktari Frank Njenga wa Kenya na wenzake walikusanya majibu ya Wakenya 2,883 katika kipindi cha mwezi mmoja hadi mitatu baada ya mlipuko, na matokeo yakachapishwa mwaka 2004: takriban 35 katika kila 100 walikuwa na dalili zinazokaribia vigezo vya maradhi ya kiwewe. Ni idadi ya kutisha. Hata hivyo, mwezi wa kwanza si mwaka wa tatu, na hesabu ya wakati mmoja haitwambii nani atapona na nani atabaki na jeraha.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 70 katika kila 100 duniani hukutana na tukio la kutisha maishani mwao, na katika hao waliokutana nalo, wapatao 6 tu katika kila 100 ndio huingia katika maradhi yenyewe. Yaani walio wengi hulia, hukosa usingizi, kisha taratibu hurejea, kwa rehema za Mola na kwa kushikwa mkono na jamaa. Ndiyo maana wataalamu hawayahesabu maradhi haya mpaka dalili ziwe zimepita mwezi mmoja. Kulia si ugonjwa, wala si upungufu wa imani, Nabii Yakub (A.S) alimlilia mwanawe mpaka macho yake yakadhurika, na Mtume wetu alimlilia mwanawe Ibrahim. Kwa hiyo utafiti wa kweli hurudi kwa mtu yule yule: baada ya mwezi, baada ya nusu mwaka, baada ya miaka. Katika mji kama wetu, ambamo mtu huhama chumba na kubadili namba ya simu kila mara, kurudi huko ni kazi nzito, lakini bila hiyo mlolongo wa habari umekatika.

Analinganishwa na nani?

Hapa ndipo nia njema hukosea zaidi. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba aliyepatwa na janga aketishwe mapema asimulie kila kitu mara moja, "atoe yaliyomo". Watafiti wa Wales wakalijaribu hilo kwa wagonjwa zaidi ya 100 waliokuwa wameungua moto, wakawagawa kwa kura: wengine walisimulishwa, wengine waliachwa na huduma ya kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 1997. Baada ya miezi 13, waliosimulishwa waliokuwa na maradhi ya kiwewe walikuwa 26 katika kila 100. Walioachwa walikuwa 9. Walio katika kundi la kwanza walikuwa wameungua zaidi kidogo, na watafiti wenyewe walikiri kuwa hilo lina uzito wake. Lakini tafiti nyingine zilipokusanywa, hazikuonyesha kuwa kikao kile kimoja kinakinga. Pasipokuwa na kundi la kulinganisha, kila aliyepona angehesabiwa kuwa amepona kwa ajili ya kikao.

Mfano mwingine ni wa karibu zaidi. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Moshi, Tanzania, na Bungoma, Kenya, kwa watoto 640 waliofiwa na wazazi na kubaki na dalili za kiwewe. Waliowahudumia hawakuwa madaktari bali watu wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa, na tiba yao ilichanganya mazungumzo, mazoezi ya kutuliza mwili na kuikabili kumbukumbu kidogo kidogo. Mjini na vijijini Bungoma, na mjini Moshi, watoto waliopata tiba hiyo walinufaika kuliko wenzao wa huduma ya kawaida. Vijijini Moshi makundi yote mawili yalipata nafuu kwa kiasi kinachokaribiana. Watafiti hawakulificha hilo. Nasi tunasema huo ndio uadilifu wa msimulizi: kuisimulia habari hata pale isipokupendeza.

Kulinganisha kulileta faida nyingine kwa waliookoka Nairobi. Mwaka 2005 yalichapishwa matokeo ya watafiti waliowahoji miezi kadhaa baada ya mlipuko na kuwalinganisha na walionusurika katika mlipuko wa Oklahoma City, Marekani, wa mwaka 1995. Viwango vya maradhi vilikaribiana, lakini watu wa Nairobi waliegemea zaidi msaada wa dini, na kidogo zaidi dawa na matibabu ya hospitali. Jeraha lilikuwa moja, mlango wa kutafutia msaada ukawa tofauti. Hilo linatugusa sisi maimamu, maustadhi na mapadri moja kwa moja. Watu wanakuja kwetu kwanza. Tukiwafungia mlango kwa maneno ya "imani imelegea", huenda wasigonge mlango wa pili.

Na juu ya maswali hayo manne ipo amana. Anayeulizwa habari za kiwewe anafunguliwa jeraha. Haifai aulizwe mbele ya watu, haifai alazimishwe, na haifai aachwe na machozi yake mtafiti akiondoka na karatasi. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika nchini mwaka 2009 uliwahoji vijana wa miaka 13 hadi 24 faraghani, na ukaweka utaratibu wa kuwapeleka penye msaada waliouhitaji. Hivyo ndivyo inavyopasa. Mkazi wa Kariakoo anayo haki ya kuuliza: nani amekuidhinisha, majibu yangu yatakwenda wapi, na nikilemewa utanipeleka wapi? Asipojibiwa, anayo haki ya kunyamaza.

Tumalizie kwa yanayowezekana. Baada ya janga la 2024, Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza majengo ya Kariakoo yakaguliwe, na lilikuwa agizo jema. Nyoyo za waliokuwamo nazo zinastahiki ukaguzi kama huo. Na si wa mwaka huo tu. Ijumaa ya Machi 29, 2013, jengo refu lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, jirani na msikiti, liliporomoka na kuua watu 36, wakiwamo watoto. Ndugu na rafiki wa watoto hao sasa ni watu wazima. Vyuo vyetu vinao wataalamu. Mitaa yetu inao wenyeviti wanaowajua watu wao. Misikiti na makanisa yanao waumini wanaohudhuria wiki hadi wiki kwa miaka. Mtafiti anayetafuta orodha ya waliokuwapo, maneno wanayoyatumia, na njia ya kurudi kwao baada ya mwaka, vyote hivyo atavipata hapa, iwapo atakuja kwa adabu nasi tukampokea kwa adabu.

Ama sisi tunaokaa mihrabuni, tujifunze kuuliza maswali machache kabla ya kutoa jibu: yalianza lini, yanakujia saa ngapi, unalala, unakula, unawaza kujidhuru? Yakizidi mwezi, au akitaja kujidhuru hata siku ya kwanza, tumshike mkono mpaka kwa mtaalamu, kisha tuendelee kumwombea. Wiki iliyopita kijana wetu alipita mbele ya msikiti jioni, maduka yakifungwa. Mlango wa chuma ukashuka kwa kishindo. Alisimama kidogo, akavuta pumzi, akaendelea na mzigo wake. Tulitamani kumwambia neno, tukaona bora tumwache apite.

Wabillahi tawfiq.